Ndoo Namba Saba

Mfugaji alikuwa na mifugo mingi kuliko mtu yeyote mjini, na hakuna aliyewahi kumwibia hata mmoja. Ndivyo alivyodhani. Ndivyo alivyojisifu pia, maana alikuwa mwanamke wa kujisifu kidogo, na mwenye kujisifu huwa hakagui ua wake.

Mifugo yenyewe haikuwa na pembe wala kwato. Ilikuwa vijidudu, vidogo kiasi kwamba tone moja la maji lilibeba kundi zima na bado likabaki na nafasi ya wageni. Vilikaa kwenye dimbwi la zege nyuma ya karakana ya mabasi, pale mabasi yalipooshwa, na chakula chao kilikuwa kile ambacho wengine wote walikikimbia: oili iliyoungua, grisi, na povu la sabuni. Maji yaliingia upande mmoja meusi kama masizi, yakatafunwa humo siku tatu, yakatoka upande wa pili unaweza kuona kidole chako ndani yake.

Ukimsikiliza yeye, uhandisi wa mazingira haukuwa na siri kubwa. Lisha, usishibishe. Puliza hewa. Koroga asubuhi. Tupia kiganja cha mbolea ya chumvichumvi, maana oili peke yake ni kama wali bila mboga. Kundi lake alilianzisha kwa kijiko kimoja cha udongo alichokichota kwenye uwanja wa vyuma chakavu, mahali palipomwagika oili miaka mingi na bado nyasi zikathubutu kuota. "Nyasi haziishi kwenye oili," alijiambia siku ile, akiwa amechuchumaa na kijiko chake. "Kuna mtu huku chini anazifungulia njia." Akaubeba udongo ule ndani ya kopo la maziwa ya unga. Siku ya kwanza akaulisha tone moja la oili, wiki ya pili matone mawili, na baada ya miezi minane kundi lilikuwa linakula kwa ndoo.

Madereva wakamcheka, kama ilivyo wajibu wa madereva. Mmoja wao, aliyekuwa na kipaji na hakuwa na kazi ya kutosha, akamtungia:

*Mfugaji wa dimbwini, wanyama wako ni gani?*
*Utakamua ni lini, ututie birikani?*

Jina likamganda tangu hapo. Yeye hakukasirika. Aliyekuwa akimnyima usingizi ni msimamizi wa karakana, mtu aliyeitwa Saruji, kwa sababu dawa yake kwa kila tatizo duniani ilikuwa kulimwagia zege juu. Shimo? Zege. Tope? Zege. Mti ulioangusha majani kwenye gari lake? Ulikatwa, na pale uliposimama pakawa na duara la zege ambalo mpaka leo madereva huliita kaburi. Kampuni ilikuwa imempa Mfugaji mwaka mmoja wa majaribio. Mwisho wa mwaka, mamlaka ya maji wangekuja kuchota sampuli. Maji yakipita kipimo, dimbwi lingebaki na Mfugaji angepewa karakana nyingine nne. Yakishindwa, Saruji angefukia dimbwi na Mfugaji angefungasha hadubini yake akatafute kazi ya kuhesabu mabomba ofisini.

"Maji yale yakipita," Saruji aliapa mbele ya madereva wote, "mimi nitanawa uso kwa hayo hayo. Hapa hapa. Mchana kweupe."

"Ulete na taulo, bosi," Mfugaji akajibu, na karakana nzima ikapiga kelele.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili.

*

Jumatatu asubuhi, kilichomgutusha ni harufu. Dimbwi lenye afya hunukia udongo ulionyeshewa mvua. Siku ile lilinuka kama wodi iliyotoka kupigwa deki. Mfugaji akaanza kutembea haraka, kisha akakimbia.

Kando ya dimbwi alisimama Msafi, mama wa usafi wa karakana, na brashi yake begani kama askari mwenye bunduki. Alikuwa anatabasamu.

"Usiniambie asante kwanza, mwanangu. Njoo uone."

Mfugaji aliona. Maji yaliyokuwa ya kahawia yamekuwa meupe-meupe. Lile povu zito lililokuwa likizunguka pembeni limetoweka. Chini, matope yake, uji wake, kundi lake, yamelala kijivu.

"Mama. Umefanya nini?"

"Nimekuoshea. Saruji kasema wageni wa maji wanakuja, kila kitu king'ae. Nikasema, siwezi kung'arisha choo cha madereva nikaliacha dimbwi la mwanangu lina povu kama mdomo wa mwenye kifafa. Dumu la kwanza halikutosha, nikaongeza la pili."

Madumu yenyewe yalikuwa pale, matupu. Klorini. Kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni kulikuwa na maandishi makubwa mekundu: *Huua vijidudu tisini na tisa kati ya kila mia.*

Mfugaji akayasoma mara mbili. Akachota tone, akaenda kibandani kwake, akaliweka chini ya hadubini. Kila asubuhi alizoea kuwakuta pale wale aliowapenda kuliko wote, vinyama vyenye umbo la kengele vilivyosimama juu ya vikonyo vyembamba, vikijikunja na kujikunjua. Ukiziona kengele, kundi lina afya. Leo vikonyo vilikuwa vimelala. Hakuna kilichotikisika.

Angemfokea nani? Msafi alikuwa amefanya kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote katika karakana ile. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Na Mfugaji, aliyekuwa amemweleza kila dereva habari za mifugo yake, kila mkaguzi, kila muuza vocha aliyepita getini, hakuwahi kumweleza Msafi. Wengine walimcheka, akawajibu kwa mihadhara. Msafi hakuwahi kumcheka, kwa hiyo hakuwahi kupata somo.

Alirudi akamweleza sasa. Msafi alisikiliza, brashi ikashuka taratibu kutoka begani.

"Kwa hiyo nimekuulia ng'ombe."

"Wote, mama."

"Hiyo karatasi imesema tisini na tisa. Yule mmoja je?"

"Yule mmoja ulimwongezea dumu la pili."

Msafi akakaa juu ya dumu, akafunika uso kwa kanga.

Kulikuwa na akiba? Kulikuwa, zamani. Mfugaji aliwahi kuweka chupa ya mbegu kwenye jokofu la ofisi. Mwezi wa nne Saruji aliikuta imesimama karibu na juisi yake, akaitupa. Mfugaji akasema atatengeneza nyingine, kisha dimbwi likanawiri, akaona kundi zuri namna hii litakufaje? Kiburi si maungwana, ila hakikumbuki hilo mpaka jua limechwea.

Na wengine hawakuweza kuazimwa. Vijidudu vya maji ya choo vipo tele, lakini hivyo vimezoea mambo ya choo. Ukivipa oili vinasusa. Kuvizoesha upya ni miezi minane. Alikuwa na siku kumi na mbili.

Akaandika kwenye kipande cha boksi neno MAREKEBISHO, akakitundika kwenye kamba mbele ya dimbwi. Akaacha mashine ya hewa inapuliza ili klorini iruke upesi. Akamwambia Msafi afunge mdomo. Halafu, kwa vile habari mbaya hutembea zenyewe na yeye hakutaka imfike shangazi yake ikiwa na chumvi za watu, alikwenda kumpelekea mwenyewe.

*

Shangazi ndiye aliyemlea. Ndiye pia aliyesimama katikati ya ukoo, siku ya kumpongeza Mfugaji kwa dimbwi lake kuanza kutoa maji safi, akasema maneno ambayo ukoo unayo hadi leo: "Tumesomesha mhandisi, tumepata mchunga uchafu." Watu walicheka. Mfugaji aliondoka kabla ya chakula. Siku chache baadaye shangazi alifika karakana kwa kile alichokiita kuona kazi ya mtoto. Alisimama kando ya dimbwi saa nzima, akiangalia, akiuliza hili na lile, kisha akaondoka bila kusema kitu. Tangu hapo miezi mitatu ilikuwa imepita, nao walikuwa wakisalimiana kwa simu tu, kwa adabu, kama watu wa benki.

Nyumba ya shangazi ilipakana na gereji ya mumewe, Fundi. Nyuma ya gereji kulikuwa na mtaro ulioziba, umejaa oili ya magari ya miaka ishirini, na mtaro ule ulijulikana. Watu walielekezana njia kwa pua: nenda moja kwa moja, ukisikia harufu kata kushoto. Siku ile Mfugaji alikwenda moja kwa moja, kichwa kimejaa mawazo, akiingoja harufu imwambie akate. Harufu haikuja. Akapita kona, akapita duka, akafika mpaka kwenye reli, ndipo akashtuka na kurudi.

"Hodi."

"Karibu. Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Ng'ombe zako hawatoi maziwa?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya maua yake. Maua yalikuwa mengi na mazuri, na hata moja hakulinunua. Lile jekundu lilitoka hospitali. Lile la zambarau, benki. Lile lenye majani ya milia alilikata kwenye bustani ya mahakama, hakimu akiwa ndani anasoma hukumu. Shangazi hakuwa mwizi wa kitu kingine. Ungeweza kumwachia nyumba na funguo. Lakini kwa mimea alikuwa na imani ambayo hakuna aliyeweza kumtoa: mche wa kupewa hunyauka, mche wa kuiba hushika.

Mfugaji alifungua mdomo aseme amekwisha, dimbwi limekufa, shangazi amefurahi sasa? Jicho lake likatua kwenye ua la benki. Lilikuwa limepandwa ndani ya ndoo ya buluu. Kwenye ndoo, kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wa Mfugaji mwenyewe, ilikuwa imeandikwa 7.

"Shangazi. Hii ndoo umeitoa wapi?"

"Ndoo ni ndoo."

"Ina namba saba."

"Na mimi nina miaka sitini na miwili, umewahi kuniuliza nimeitoa wapi?"

Kutoka gereji ikasikika sauti ya Fundi, ambaye siku zote alizungumza akiwa chini ya gari, hata na mkwewe. "Mke wangu! Hii kompresa imelemewa tena! Tairi moja nusu saa! Upepo unakwenda wapi?"

"Fanya kazi yako wewe!"

Mfugaji akaufuata mpira wa kompresa kwa macho. Ulitoka gereji, ukapita nyuma ya maua ya hospitali, ukajificha chini ya gunia, ukatokea upande wa pili, na mwisho wake ukaingia mtaroni. Mtaro ulikuwa unachemka mapovu. Maji yake yalikuwa ya kahawia. Pembeni kulikuwa na mpini wa fagio wa kukorogea, na kikopo cha mbolea ya maua.

Akapiga magoti. Akaingiza mkono mpaka chini, akatoa kiganja cha uji, akakisogeza puani. Udongo ulionyeshewa mvua.

Alijikuta analia na kucheka kwa wakati mmoja, jambo lisilopendeza usoni.

"Shangazi, umeniibia!"

"Nani? Mimi? Tangu nizaliwe!" Na nyuma yake maua ya ofisi tatu yakatikisika kwa upepo.

"Umepita wapi? Pale kwenye bati lililolegea nyuma ya dimbwi?"

"Bati gani? Mimi nijue mabati ya watu?"

Mfugaji akaketi chini kwenye mchanga, akamweleza yote: Msafi, madumu mawili, kengele zilizolala, siku kumi na mbili. Shangazi alisikiliza. Aliposikia dumu la pili, akashika kifua.

"Maskini," akasema. "Wote?"

"Wote. Nipe ndoo ishirini tu, shangazi. Hawa wamekula oili ile ile, sabuni ile ile. Ni wangu."

Shangazi akakunja uso. Mfugaji alimjua vya kutosha kuona anachopigana nacho. Maneno ya siku ile mbele ya ukoo yalikuwa bado hai, na mwenye kuyasema sasa alikuwa na mtaro wa kuyameza.

"Nikupe nini?" alisema hatimaye. "Nikikupa, maana yake nilikuwa nacho. Na kama nilikuwa nacho, wataniuliza nilikitoa wapi. Mimi sina kitu. Mtaro wangu umesafishwa kwa fagio na dua."

"Shangazi..."

"Halafu hata ningekuwa nacho, cha kupewa hakishiki. Unataka ukafe njaa na vijidudu vya sadaka?" Akainuka, akaanza kumwagilia ua la mahakama bila kumtazama. "Mimi kila siku saa nane mchana hulala. Nikilala, nimelala. Wakibeba nyumba sitasikia."

Mfugaji akafuta pua. "Kesho dawa itakuwa bado kali dimbwini. Keshokutwa..."

"Sijui unazungumza nini. Lakini keshokutwa pia hulala. Na lile geti la nyuma, bawaba zimelegea, halifungi. Nimemwambia Fundi mara ngapi."

"Hujaniambia," ikasema sauti chini ya gari.

"Na wewe keshokutwa saa nane utakuwa wapi?"

"Nitakuwa chini ya gari."

"Basi." Shangazi akamwaga maji yaliyobaki. "Ila wezi wa siku hizi hawana elimu. Watachota juu juu wapate maji matupu. Mali iko chini, kwenye uji."

*

Jumatano, karatasi ya kupimia klorini ilibaki nyeupe: dawa imekwisha. Saa nane kasoro, Mfugaji na Msafi waliingia kwa geti lisilofungika, wakivuta mkokoteni wenye ndoo ishirini zenye vifuniko. Msafi alikuwa amejifunga kanga kiunoni na kuvua viatu. Katika maisha yake hakuwahi kuiba hata sindano.

"Mwanangu, tukikamatwa nitasema nini?"

"Utasema unarudisha ng'ombe zizini."

Dirisha la chumba cha shangazi lilikuwa wazi, na ndani yake alikuwa anakoroma. Alikoroma kwa nguvu ambazo hakuna usingizi unaozihitaji. Walizamisha ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walipofika ya tisa, Msafi akachoka kuinama akaanza kuchota juu juu.

"Khooo," likasema dirisha. "Chini... khooo... uji uko chini."

Msafi akazamisha mkono mpaka kwenye kwapa.

Ndoo ya kumi na tisa ilikuwa inafunikwa pale kichwa cha jirani kilipochomoza juu ya ukuta. Jirani yule alikuwa na macho mazuri na mdomo mkubwa zaidi. "Mama weee! Amka! Unaibiwa! Wezi mtaroni!"

Mkoromo ukakatika. Hapo shangazi alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kukiri mbele ya mtaa, au kufukuza wezi. Akatoka mbio na fagio. "Wezi! Wezi wa uchafu wangu! Mtaniacha na nini, nyie!" Fagio likampata Mfugaji mgongoni, pa! na fagio la shangazi halikuwa la maigizo. Msafi aliukamata mkokoteni akaondoka nao kama amezaliwa mwizi. Walipokuwa wanapita kwenye geti, shangazi akawakaribia, akahema, akanong'ona, "Shika kulia, kushoto kuna mashimo, mtamwaga." Kisha akapaza sauti, "Na msirudi!"

"Wameiba nini?" jirani akauliza.

"Si unaona? Tope."

"Mtu anaibaje tope?"

"Dunia imekwisha, jirani yangu," shangazi akasema.

Chini ya gari, mtu alikuwa anacheka mpaka spana zinalia.

*

Sasa ikabaki kazi ya kweli, na kazi ya kweli haina kelele. Ndoo kumi na tisa ndani ya dimbwi kubwa namna ile ni kama chumvi kwenye mto. Mfugaji hakuvishibisha. Siku ya kwanza aliingiza maji machafu ya basi moja tu. Ya pili, mawili. Mengine aliyazuia kwenye tangi, huku madereva wakilalamika kwamba mabasi yao yanaonekana kama yametoka vitani. Msafi alipewa kazi ya kukoroga, na alikoroga kwa toba, asubuhi, mchana na jioni, akivisemesha vijidudu kwa sauti ya chini, akiviomba msamaha kwa niaba ya klorini.

Saruji alikuja kila siku na futi yake kupima dimbwi. "Urefu mita tisa," alisema kwa sauti, akiandika. "Lori mbili za zege. Labda mbili na nusu. Hayo marekebisho yako yanaendeleaje?"

"Yanakula, bosi."

Siku ya nne povu la kahawia likarudi pembeni. Siku ya sita harufu ya mvua. Siku ya nane, Mfugaji aliinamia hadubini akatulia muda mrefu, mpaka Msafi mlangoni akaogopa.

"Wamekufa tena?"

"Njoo uangalie, mama."

Msafi akaweka jicho. Alikaa hapo bila kupumua. Kengele tatu zilikuwa zimesimama kwenye vikonyo, zikijikunja na kujikunjua.

"Vinanisalimia," alisema.

Watu wa mamlaka ya maji walikuja na chupa zao, wakachota, wakaondoka bila kucheka, kama ilivyo desturi ya watu wa mamlaka. Kabla hawajaondoka walimpa Mfugaji fomu ya kujaza. Swali la kumi na moja lilimuuliza: *Una mbegu ya akiba? Inatunzwa wapi na nani?* Mfugaji akafikiri, akaandika: *Ipo. Mtunzaji ni mtaalamu wa nje. Hataki kutajwa.*

Majibu yalitoka Jumanne. Mkurugenzi wa kampuni aliyasoma mwenyewe uwanjani. Maji yalikuwa yamepita. Oili iliyobaki ilikuwa chini ya kiwango kinachoruhusiwa, chini sana. Karakana nne nyingine, alisema mkurugenzi, zitaanza mwezi ujao, na Mfugaji atakuwa...

Hakuna aliyesikia atakuwa nani, maana madereva walikuwa wamekwishageuka kumtazama Saruji, na yule mwenye kipaji alikuwa amepanda juu ya ndoo:

*Saruji ulitamka, hapa mbele ya umati:*
*Maji yakitakasika, utanawa kwa wakati!*

Saruji alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mwongo. Akavua saa, akavua shati, akabaki na fulana. Mfugaji akamkimbilia.

"Bosi, subiri. Haya ni ya kuoshea mabasi. Si ya nyuso."

"Niliapa."

"Mimi nakusamehe."

"Sikuapa kwako." Akafumba macho na kubana midomo kama anayenyweshwa dawa, akachota viganja viwili, akajipiga navyo usoni. Maji yakamtiririka kidevuni. Saruji akafungua jicho moja. Akanusa mkono wake. Akanusa tena.

"Hayanuki," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa kitu.

Msafi ndiye aliyemletea taulo, pamoja na sabuni na ndoo ya maji ya bomba. "Sasa nawa kweli," alimwambia.

*

Mtu hawezi kubadilika katika kila kitu kwa siku moja. Wiki iliyofuata Saruji alikuja dimbwini na futi yake, akiwa na mafundi ujenzi wawili na uso wa kirafiki.

"Nimefikiri," alisema. "Mali kama hii haiwezi kulindwa na mabati. Kuna bati moja pale nyuma limelegea kabisa, mtu anaweza kupita na ndoo. Nakujengea ukuta. Mita mbili na nusu. Zege tupu."

Mfugaji aliliangalia lile bati. Chini yake, kwenye udongo laini, kulikuwa na alama za kandambili, mpya, za asubuhi.

"Jenga, bosi. Jenga pande zote. Lakini hapo paache kama palivyo."

"Mwizi akipita?"

"Nataka apite."

Saruji alimtazama, akafikiri kumuuliza, akakumbuka maji yale yakimtiririka kidevuni, akaacha.

Siku hiyo, mafundi walipokwenda kula, bati lililolegea likalia kidogo. Mfugaji alikuwa kibandani. Aliona kwa pembe ya jicho kanga, kisha ndoo ya buluu, namba saba. Angeweza kutoka akasema karibu, shangazi, chota, hii ni yako. Kingekuwa cha kupewa. Kingekufa kabla ya jioni.

Akageuza kiti, akalielekezea dimbwi mgongo, akaegemeza kichwa ukutani. Akaanza kukoroma.

"Khooo," alisema Mfugaji. "Uji... khooo... uko chini."

"Najua," ikajibu sauti nje, kwa hasira kidogo. "Lala wewe."